Kuku wa Kwenye Bakuli

Katika ukumbi wa nyumba yetu ya Takaungu kuna vidaka ukutani, na vyote vina kazi nyingi. Kimoja kina msahafu na miwani ya mama, kingine chetezo na chupa za marashi, na vya chini siku hizi vimejaa dawa za presha na chaja za simu za wajukuu. Kile cha katikati kilikuwa cha bakuli peke yake. Lilikaa humo limesimama kwa ukingo, limeegemea nyuma kidogo, mdomo wake ukiwatazama wanaoingia. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba linaniona, kwa hiyo nilipoiba biskuti za wageni nilizila nimelipa mgongo.

Ni bakuli la kauri, pana kiasi cha sinia dogo la kahawa. Nje ni rangi ya feruzi. Ndani ni jeupe kama tui, na ukingo wake umezungushiwa maua ya buluu na majani meusi, yaliyochorwa na mtu ambaye siku hiyo hakuwa na haraka. Juu ya michoro yote umepita mpako unaong'aa kama kioo, nao una nyufa nyembamba mno ambazo huwezi kuziona ukiwa mbali. Mtu mmoja wa makumbusho aliyepita kwetu alisema mabakuli kama haya yaliletwa zamani kutoka Uajemi, na kwamba ndugu zake ndio wale waliopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale na kwenye mihrabu za misikiti ya pwani hii. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamwongeza kahawa. Alipokwisha kuondoka mama alisema, "Uajemi ama kwengineko, kwao ni hapa sasa."

Na katikati kabisa, kwenye kitako cha ndani, kuna ndege. Ana shingo ndefu, mkia mkubwa, na jicho moja la mtu aliyeshtuliwa usingizini. Sote tulifunzwa kumwita tausi.

Bakuli lilikuwa na kazi moja tu. Asubuhi ya nikaha ya binti wa nyumba, mwanamke mkubwa hulishusha, akalipakata, akaandika aya ndani yake kwa kijiti cha mwanzi na zafarani iliyolowekwa kwenye marashi. Maandishi yakishakauka, humiminiwa maji na marashi mpaka wino wote wa manjano uoshwe, na bibi harusi akanywa mpaka amwone tausi. Hilo ndilo kombe letu. Wako wanaosema haya ni mambo ya kizamani, na mmoja wao ni binamu yangu. Sibishani naye, maana katika kila harusi yetu yeye ndiye anayeshika sahani ya kwanza ya pilau, na hapo huwa hasemi neno.

Kanuni ilikuwa moja. Mwanamume haligusi bakuli lile. Ukimwuliza mama sababu atakwambia ndivyo alivyokuta. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa kila kitu duniani, lakini kwenye kidaka kile alipita mikono ameifumba nyuma, kama mtoto aliyeonywa dukani.

Mimi nilinywa kutoka bakuli hilo. Nakumbuka uchungu mdogo kwenye ulimi, harufu ya waridi mpaka kwenye macho, na yule ndege akinitazama kana kwamba mimi ndiye wa ajabu. Mume wangu alifariki mapema, kabla hatujajaliwa mtoto. Nikahamia Malindi, mtaa wa Muyeye, nikawa nafundisha chekechea, na nikajiambia kwamba watoto wa watu wananitosha. Nilikuwa najidanganya, na jirani yangu alilijua hilo kabla yangu.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa bara, aliyefua nguo katika hoteli moja ya ufukweni. Tulitumia bomba moja la maji na ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo tulijuana mpaka kikohozi. Alikuwa na mtoto wa kike aliyeanza tu kusema vizuri. Baba wa mtoto hatukumjua. Mama yake alipougua, mtoto alishinda kwangu. Alipozidiwa, mtoto akalala kwangu. Na alipokufa, hakuna mtu wa kwao aliyekuja, basi mtoto akabaki palepale alipokuwa. Sikumzaa, na sikuwahi kumficha. Lakini nikisema mwanangu, simaanishi mwingine.

Mara ya kwanza nilipompeleka Takaungu, aliingia ukumbini, akaamkia shikamoo kama nilivyomfunza, akaitikiwa, kisha akanyoosha kidole kwenye kidaka. "Kuku," alisema.

Mama yangu alicheka mpaka akaishika nguzo ya kitanda. Alimbeba mtoto, akamsogeza karibu na bakuli, wakamtazama ndege pamoja. "Miaka yote hii tunadanganyana," mama alisema. "Huyu ni kuku kabisa."

Mama mkubwa hakucheka. Huyu ni dada ya mama, nyumba yake iko mlango wa pili, na ndiye aliyetufunza wasichana wote wa mtaa Kurani chuoni kwake. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mashekhe, kwa hiyo makombe yote ya harusi aliandika yeye. Tangu siku ya kwanza alimtendea mwanangu wema. Alimshonea nguo za Idi, alimfunza mkate wa sinia mpaka ukawa mzuri kuliko wangu, na alimsomesha Kurani kwa subira ambayo mimi sikuionja. Ila kulikuwa na mahali alipoweka mpaka. Siku moja mtoto, mdomo umejaa tambi, aliuliza, "Na mimi nikiolewa nitakunywa kwa kuku?" Mama mkubwa akamjibu kabla ya mtu yeyote, kwa sauti ile ile ya kutaja wakati wa sala, "La, mwanangu. Lile ni la waliozaliwa hapa."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Mimi nilikasirika hata nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Sikumjibu mama mkubwa, kwa sababu kwetu mtu hamjibu mama yake mkubwa, lakini nilivigonga vyombo vile mpaka mtaa mzima ukajua.

Mwanangu hakuuliza tena. Alikua, akasoma, akawa anapika keki za harusi za watu pale Muyeye, na nyumba yetu ikanukia vanila siku zote. Kisha akaja kijana wa Dabaso, mpole, mcheshi, anayeongoza wageni kwenye lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Alianza kwa kununua keki. Hakuna mtu mwenye siku za kuzaliwa nyingi kiasi kile, na nilipomwambia hivyo aliona haya, akaleta wazee wake.

Posa ikakubaliwa. Mashekhe wakatueleza kwa upole kwamba binti hana walii wa nasaba, mwanamume wa damu yake wa kumwoza, basi kadhi ndiye atakayesimama kuwa walii wake. Ndiyo sheria, na hakuna aliyekosea. Mwanangu alisikiliza, akashukuru. Jioni hiyo tulikuwa tunakanda unga, akaniambia bila kuinua macho, "Mama, unadhani Bibi ataniruhusu ninywe kwa kuku?"

Nilijua anachouliza. Watu wazima walikuwa wamekaa wakaeleza, kwa haki kabisa, kwamba kwetu hana jina la kusimamia. Lilikuwa limebaki bakuli.

Nilimpigia mama simu palepale, mikono imejaa unga. "Nani amekwambia nilikuwa nafikiria vingine?" alisema. Lakini mama mkubwa alipoambiwa aandike, alisema siku hizi mkono wake unatetemeka. Mkono huo siku iliyopita ulikuwa umepitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Mama hakubishana naye. Alisema basi ataandika yeye mwenyewe, na sote tukaogopa kimyakimya, kwa sababu hati ya mama ni mbaya kupita kiasi.

Sasa ukuta. Ukumbi ulikuwa unabambuka mpaka chokaa inaanguka kwenye vikombe vya chai, na wakwe walikuwa wanakuja. Mjomba wangu, mdogo wao wa mwisho, ni fundi wa chokaa. Amekarabati misikiti na makaburi ya kale toka ujana wake, na kila ukuta alioushika atakusimulia habari zake, utake usitake. Mama alimwachia ufunguo, akaja kwangu Muyeye kukaa nasi wakati wa kushonesha nguo. Siku hizo zilikuwa tamu. Tulijaribu leso, tulibishana juu ya shela, mama alionja kila keki kwa kisingizio cha kuangalia kama imeiva, na mwanangu aliimba akiwa mbele ya oveni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka bakuli.

Tuliwasili Takaungu ikiwa imebaki siku moja tu. Ukumbi ulikuwa mweupe, umenyooka, unanukia chokaa mpya, na mjomba amesimama katikati yake, kofia imejaa vumbi, anasubiri kusifiwa. Kwenye kidaka cha katikati hapakuwa na kidaka tena. Palikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta bakuli letu, limeshikwa na chokaa pande zote, mdomo wake umetokeza nje kama yale ya makaburini. Ndege alikuwa anatutazama kwa jicho lake lile lile.

Mama aliuweka mfuko wake chini bila kuuangalia. Mjomba akadhani tumezidiwa na uzuri.

"Dada," alimwambia mama, "sikuligusa hata kwa ncha ya kidole. Wallahi. Kazi yote nimeifanya kwa mwiko."

"Naona," mama alisema.

Alitueleza. Alipofika kwenye kidaka kile alisimama asubuhi nzima, maana palikuwa panamwaga mchanga, na mwanamke wa kulishusha bakuli hayupo, mama mkubwa naye akiwa safarini wiki hiyo, na yeye ni mwanamume. Kumwita jirani hakutaka, kwa kuwa si wa nyumba. Kupaka kidaka bila kuligusa haiwezekani. Kuacha kidaka kibovu katikati ya ukuta mpya, fundi kama yeye, hilo nalo haliwezekani. Ndipo akayakumbuka makaburi. Akalizungushia chokaa taratibu, kwa ncha ya mwiko, mpaka likatulia. Wanaume wengine wangelishusha tu, wakalirudisha, wakanyamaza. Mjomba ni mkweli, na ukweli wake ndio uliotufikisha hapo.

"Na halitaanguka kamwe," aliongeza. "Hata nyumba ikianguka, lenyewe litabaki."

"Umechanganya nini kwenye chokaa?" mama aliuliza.

"Saruji kidogo. Nilitaka ishike."

"Imeshika," mama alisema, na akakaa kitako kwenye mkeka.

Mjomba alipofahamu kosa lake, uso wake ulibadilika hata nikamhurumia. Alichukua patasi na nyundo, akagonga chokaa mara moja, polepole sana, mbali na ukingo. Bakuli likatoa mlio mwembamba. Kipande cha mpako, kidogo kuliko ukucha, kikaruka kikaanguka mkekani. Mama alimwambia aiweke nyundo chini, na mjomba akaiweka upesi, kana kwamba imemwunguza.

Hapo mama mkubwa alikuwa amefika mlangoni. Alilitazama bakuli, akamtazama mwanangu, akashusha pumzi. "Basi," alisema. "Bakuli limejisemea lenyewe."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Mwanangu alitabasamu, tabasamu lile la kuwapunguzia watu aibu. "Si neno, Bibi," alimwambia mama yangu. "Litakaa salama hapo." Akaenda jikoni kupima sukari. Nilimfuata. Alikuwa anapima, anamwaga, anapima tena. Nilimwambia nitaubomoa ukuta ule kwa meno yangu, akacheka kidogo, machozi yakamdondokea kwenye sukari, akasema keki ya nani hii sasa yenye chumvi. Tukakumbatiana. Nilikuwa na hasira na huzuni kiasi kwamba nikirudi ukumbini ningesema maneno ya kujutia, basi nikabaki jikoni.

Niliporudi nilimkuta mama peke yake, amesimama mbele ya bakuli na kikombe cha maji. Alimimina kidogo. Maji yakateremka juu ya ndege, yakapita maua, yakatua kwenye ukingo wa chini. Lile bakuli, kumbuka, lilikuwa limeegemea nyuma toka zamani, na mjomba kwa uaminifu wake alilizungushia chokaa vilevile lilivyoegemea. Maji yakabaki pale, vijiko kadhaa, yametulia. Mama akayatazama sana, akayafuta kwa upindo wa leso, akaenda kutawadha.

Asubuhi ya nikaha nyumba ilijaa wanawake. Mama alitoka chumbani amevaa buibui lake jipya, mkononi kibakuli cha zafarani na kijiti cha mwanzi. Akaagiza kiti cha jikoni kiwekwe chini ya ukuta. Akamwita mwanangu, aliyekuwa na hina mpaka viwiko, amefungwa leso kichwani.

"Njoo unishike kiuno," alimwambia. "Magoti yangu unayajua."

Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima. "Mdogo wangu," alisema, "unafanya nini?"

"Naandika kombe."

"Ukutani?"

"Bakuli liko ukutani. Ungependa niandike wapi?" Mama alipanda kiti, akigeuka nusu ili wanawake wote wasikie. "Kadhi ni walii wake huko msikitini, na ni haki. Hili ni letu sisi wanawake, na sisi hatuhitaji walii wa kutupa ruhusa. Mtoto huyu amekulia mikononi mwetu."

Akaanza kuandika. Jamani. Nimesema hati ya mama ni mbaya, lakini siku hiyo ilikuwa balaa. Herufi zililala, nukta zikateremka na kuwa mistari, bismillahi ikaenda upande kama ngazi iliyotegwa vibaya. Mama mkubwa alivumilia. Alijishika magoti. Alitazama dari. Mama alipofika kwenye neno la tatu na kulipinda mpaka likawa halisomeki, mama mkubwa aliinuka.

"Shuka," alisema. "Unaliharibu neno la Mungu."

"Wewe si mkono wako unatetemeka?"

"Shuka, nimekwambia."

Mpaka leo sijui kama mama aliandika vibaya makusudi. Nimemwuliza, ananijibu kwamba macho yake si mazuri, huku akisoma ujumbe kwenye simu yangu kutoka upande wa pili wa meza. Mama mkubwa alifuta yaliyoandikwa kwa pamba na marashi, kwa adabu, akaikusanya pamba ile pembeni. Akapanda kiti. Kiti kikayumba, na mwanangu, aliyekuwa bado amesimama pale, akamshika kiuno kwa mikono yake yenye hina. Mama mkubwa aliitazama mikono ile kiunoni mwake. Kisha akaandika.

Aliandika kwenye ukuta uliosimama wima kama wengine wanavyoandika mezani. Herufi zilizunguka ndege, moja baada ya nyingine, zimenyooka, huku mjomba, nje dirishani, akiuliza kila mara kombe limefika wapi. Zafarani ilipokauka, mama mkubwa alichukua birika la marashi, akamimina juu taratibu. Maandishi yakaanza kuyeyuka, manjano yakateremka juu ya kuku, yakapita maua ya buluu, yakajikusanya ukingoni.

"Sogea," alimwambia mwanangu.

Alisogea, akaweka mdomo kwenye ukingo wa feruzi. Mama mkubwa akamimina tena, na mwanangu akanywa, na mama mkubwa akamimina. Mengine yakamkosa, yakateremka kwenye kidevu chake na kwenye chokaa mpya. Mama mkubwa akakunja upindo wa leso yake mwenyewe, ile ya harusi, mpya, akaukinga chini ya kidevu cha mwanangu.

"Kunywa yote, mjukuu wangu," alisema. "Usinimwagie ukuta."

Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nililia kama mtoto mdogo na sikujificha. Mwanangu alipoinua uso alikuwa na manjano puani. "Nimemwona kuku," alisema.

"Tausi," mama mkubwa alimsahihisha. Kisha akachungulia mwenyewe ndani ya bakuli, kwa muda, kama hajawahi kulitazama vizuri miaka yote hiyo. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Lakini kweli," alisema akifuta macho, "kuku huyu."

Kadhi alisoma nikaha adhuhuri. Kijana wa Dabaso alikubali kwa sauti kubwa hata watoto wakamcheka. Keki ilikatwa, na mwanangu aliipika mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine, na binamu yangu alishika sahani ya kwanza ya pilau.

Wiki iliyofuata mjomba alikuja na ndoo ya chokaa na brashi. Chini ya bakuli, kwenye ukuta wake mweupe, marashi na zafarani vilikuwa vimeacha mchirizi wa manjano mpaka karibu na sakafu, na fundi wa kweli hawezi kulala na jambo kama hilo. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Hakuinuka.

"Iweke brashi chini," alisema.

"Dada, ni doa. Dakika moja tu."

"Si doa," mama mkubwa alisema, akaendelea kuchambua mchele. "Hapo ndipo alipokunywa mjukuu wangu."